Usiifunge Koki ya Birika kwa Kishindo: Somo la Presha Inayopasua Mabomba ya Maji ya Mifugo



Somo la safari hii si la kupe, wala si la chanjo ya homa ya mapafu. Ni la bomba. Najua utauliza bwana mifugo ameingiaje kwenye kazi ya fundi bomba. Nitakueleza, na sehemu ya maelezo hayo ni kosa langu mwenyewe.

Kwanza tuweke hesabu mezani. Ng'ombe mmoja wa kienyeji, wakati wa kiangazi, hunywa kati ya lita 25 na 40 kwa siku. Mwenye ng'ombe mia anahitaji lita 2,500 hadi 4,000 kila siku, tangu Juni hadi mvua zitakaporudi Oktoba au Novemba. Bomba la birika likipasuka usiku, kesho asubuhi ng'ombe hao mia hawana pa kwenda ila kushuka bonde la Luiche au mwambao wa ziwa. Kule chini kuna mpunga na bustani za watu. Kuna konokono wa majimaji wanaobeba minyoo ya ini. Na kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayotaka mita 60 za kando ya ziwa na mito zilindwe. Kwa hiyo bomba moja likipasuka huku juu milimani, ugomvi, ugonjwa na faini vinatusubiri kule chini Ujiji.

Kosa lililonifundisha

Kuna birika moja ninalolihudumia, kijiji sitakitaja. Maji yake yanashuka kwa mserereko kutoka tenki la mlimani, kama mita 50 juu ya birika, kwa bomba jeusi la plastiki lenye urefu wa kilomita moja na nusu. Koki ya mwanzo ilikuwa ya gurudumu, ile ambayo unazungusha mpaka mkono unachoka. Vijana wachungaji walikuwa wakiiacha nusu wazi wakaenda zao, maji yakamwagika usiku kucha, birika likageuka tope na mbu wakazaliana. Nikashauri kamati ibadilishe. Tukaweka koki ya mkono, ile unayoigeuza robo mzunguko tu: pa! imefungwa. Watoto waliipenda. Nami nilijisifu.

Wiki ya pili bomba likapasuka kwenye kiungo, katikati ya shamba la mihogo. Likaungwa. Siku nne baadaye likapasuka tena, hatua chache kutoka pale pale. Likaungwa. Likapasuka mara ya tatu. Sasa mwenye shamba ni mkulima, na wenye birika ni wafugaji, na unajua maneno yanavyokwenda. Vijana walisema mkulima analikata usiku kwa panga. Mkulima akasema ng'ombe ndio wanaolikanyaga. Siku ya kikao nilikuta watu wamekuja na fimbo, na si fimbo za kuchungia.

Fundi aliyeitwa kuunga bomba mara ya tatu hakusema neno kikaoni. Jioni akaniambia twende naye birikani. Ng'ombe walipomaliza kunywa, kijana akaipiga koki ikafunga. Tukasikia bomba linagonga chini ya ardhi, go, go, go, kama mtu anapiga mlango wa bati kutoka ndani. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kando akacheka.

"Daktari, hiyo sauti tunaisikia kila jioni tangu mlete koki mpya."

"Shikamoo mzee. Na kabla ya hapo?"

"Marahaba. Kabla ya hapo bomba lilikuwa kimya."

(Mimi si daktari, nina astashahada tu, lakini wazee wa huku wamekataa kuniita vingine.)

Hakuna aliyekata bomba. Tulilipasua wenyewe kwa kulifunga haraka, mara mbili kwa siku, na koki niliishauri mimi.

Maji yanayotembea ni kundi linalotembea

Wewe unayajua mambo haya kuliko mimi, ila unayajua kwa upande wa ng'ombe. Kundi linashuka mteremko kwenye mapito membamba, moja nyuma ya mwingine, wana kiu, wanakwenda kasi. Mtu aliye chini akafunga lango ghafla mbele ya pua ya ng'ombe wa kwanza. Wa kwanza anasimama. Wa pili hajui kwamba lango limefungwa, anamgonga wa kwanza. Wa tatu anamgonga wa pili. Msongamano haushuki, unapanda: unarudi nyuma mlimani kutoka ng'ombe hadi ng'ombe mpaka umfikie wa mwisho. Na uzio ukiwa dhaifu mahali fulani njiani, pale ndipo utakapovunjika, hata kama ni mbali na lango.

Ndani ya bomba mambo ni hayo hayo. Bomba lenye tundu la milimita 50, yaani inchi mbili, hubeba karibu lita mbili kwa kila mita moja ya urefu. Kilomita moja na nusu ni karibu lita 3,000, ambazo uzito wake ni tani tatu. Hiyo ni sawa na ng'ombe kumi wenye kilo 300 kila mmoja, wote wanakimbia kwenye mapito mamoja. Ukiyasimamisha kwa robo mzunguko wa mkono, ile nguvu ya kukimbia haipotei. Inageuka kuwa presha.

Presha hiyo hukimbia kurudi juu kwenye bomba kwa kasi kubwa. Kwenye bomba la plastiki huenda mita 300 hadi 400 kwa sekunde, karibu sawa na sauti inavyosafiri hewani. Kwenye bomba la chuma huzidi mita 1,000 kwa sekunde. Ikifika kwenye tenki hugeuka na kurudi chini, safari hii si kama msukumo bali kama mvuto: maji yanajaribu kurudi mlimani, na bomba linabaki likifyonza. Kisha linasukuma tena, kisha linafyonza tena, mpaka litulie. Zile go, go, go ulizosikia ndizo safari zake za kwenda na kurudi. Katika somo hili tutauita mshindo wa maji.

Anayetambulika kwa hesabu yake ni Mrusi Nikolai Zhukovsky. Alifanya majaribio kwenye mabomba ya maji ya jiji la Moscow na kuchapisha matokeo mwaka 1898. Hesabu yake hutumiwa mpaka leo na wahandisi wa mabomba makubwa, kama bomba la mafuta la TAZAMA linalotoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia, kilomita 1,710, lililoanza kazi mwaka 1968, au mradi wa maji ya Ziwa Victoria unaotoka Ihelele kwenda Kahama, Shinyanga na mpaka Tabora. Wahandisi hao hukokotoa mshindo kabla bomba halijazikwa. Sisi wenye bomba la inchi mbili hatuna kompyuta, lakini hesabu yenyewe inafanyika kwa ndoo na saa ya simu.

Kupima mshindo kabla haujakupima wewe

Mafundi hupima presha kwa mita za maji. Presha ya mita 50 maana yake ni sawa na tenki lililo mita 50 juu yako kwa kimo, si kwa urefu wa njia. Mita kumi ni karibu baa moja. Bomba la plastiki huandikwa ubavuni uwezo wake: PN 6 huvumilia baa 6, yaani karibu mita 60, PN 10 karibu mita 100, PN 16 karibu mita 160. Ukinunua bomba lisilo na maandishi hayo, umenunua kitendawili.

Sasa tafuta kasi ya maji. Fungua koki yote. Weka ndoo ya lita 20, hesabu sekunde mpaka ijae. Ikijaa kwa sekunde 10, unapata lita 2 kwa sekunde. (Ukitumia pipa la lita 200 hesabu itakuwa ya uhakika zaidi, maana ndoo hujaa haraka na jicho hudanganya.) Lita 2 kwa sekunde ndani ya tundu la milimita 50 ni maji yanayotembea mita 1 kwa sekunde. Lita hizo hizo kwenye tundu la milimita 40, inchi moja na nusu, ni mita 1.6 kwa sekunde. Na kwenye bomba la inchi moja, lita nusu tu kwa sekunde inatosha kufikisha mita 1. Jinsi bomba linavyokuwa jembamba ndivyo maji yanavyokimbia, na ndivyo yanavyopiga. Kumbuka pia kwamba bomba jeusi lililoandikwa milimita 63 limepimwa nje. Tundu lake ndilo lile la inchi mbili.

Ukishapata kasi, hesabu iliyobaki ni ya kujumlisha. Kila mita 1 kwa sekunde inayosimamishwa ghafla huongeza presha ya takriban mita 30 hadi 40 kwenye bomba jeusi la plastiki, lile linaloandikwa HDPE. Kwenye PVC, lile gumu, ni takriban 40 hadi 50. Kwenye chuma ni takriban 120. Angalia tofauti hiyo. Wengi hudhani chuma ni salama zaidi kwa sababu ni kigumu, kumbe ugumu wenyewe ndio unaoufanya mshindo uwe mkali. Plastiki hujitanua kidogo na kuupunguza.

Turudi kwenye birika letu. Tenki liko mita 50 juu. Kasi ni mita 1 kwa sekunde. Bomba ni jeusi. Koki ikifungwa kwa pigo moja, hesabu 50 ya kimo, jumlisha 30 hadi 40 ya mshindo: 80 mpaka 90. Sehemu ile ya shamba la mihogo ilikuwa na bomba la PN 6, la mita 60, maana fedha ziliisha wakati wa ujenzi na mtu akaona "tofauti ni ndogo". Bomba jipya la HDPE linaweza kuvumilia pigo kama hilo mara moja na zaidi. Viungo vyake haviwezi kuvumilia jioni na asubuhi, mara 730 kwa mwaka. Ndiyo maana pale pa kupasuka palikuwa kwenye kiungo, na ndiyo maana kila alipounga fundi, kiungo cha jirani ndicho kilichofuata.

Haraka ni kiasi gani?

Hapa ndipo watu wengi hukosea, hata mafundi. Kijana atakwambia, "Mimi sikuipiga, nimefunga taratibu, kama sekunde tatu." Kwa bomba fupi la nyumbani sekunde tatu ni taratibu. Kwa bomba la kilomita moja na nusu ni pigo kamili.

Sababu ni hii. Mshindo ukitoka kwenye koki lazima upande mpaka tenki na kurudi, ndipo habari ifike kwamba juu kuna nafasi ya kupumua. Kwenye bomba letu la mita 1,500 hiyo ni mita 3,000 kwenda na kurudi, na kwa kasi ya mita 350 kwa sekunde huchukua karibu sekunde 9. Ukifunga kabla ya sekunde 9 kwisha, ni sawa kabisa na kufunga kwa pigo moja. Mshindo ni ule ule.

Na sekunde 9 zenyewe hazitoshi, kwa sababu koki nyingi hazizuii maji sawasawa. Ya gurudumu unaweza kuizungusha nusu nzima na maji yakaendelea kutoka kama kawaida. Kazi yote ya kuzuia hufanyika kwenye mizunguko miwili mitatu ya mwisho. Hapo ndipo mkono unapokuwa na haraka ya kumaliza, na hapo ndipo pa kupunguza mwendo.

Kanuni ninayowapa kamati zetu ni nyepesi: kwa kila mita 100 za bomba la plastiki, hesabu sekunde mbili za kufunga. Bomba la mita 500, sekunde 10. Bomba letu la mita 1,500, sekunde 30, na nusu ya muda huo itumike kwenye kipande cha mwisho. Kule kwetu watoto walijiwekea hesabu yao: wanafunga huku wakihesabu ng'ombe wa nyumbani kwa majina, mmoja mmoja. Mwenye ng'ombe kumi anarudia mara tatu. Sijaona njia bora zaidi.

Koki ya robo mzunguko tuliitoa, tukarudisha gurudumu. Tatizo la kuachwa wazi tulilimaliza kwa boya, na boya nalo lina maneno yake. Valvu ya boya hufunga yenyewe birika likijaa, na kwa kawaida hufunga polepole. Lakini ukiliweka boya pale pale ng'ombe wanapoingiza midomo, maji yanacheza, boya linapanda na kushuka, valvu inafunga na kufungua mara kumi kwa dakika, na bomba linapigwa siku nzima badala ya mara mbili. Lijengee kiboksi chake pembeni mwa birika, chenye tundu dogo chini la kupitisha maji, na kifuniko ambacho ng'ombe hatakifungua kwa pembe.

Bomba lenye pampu

Baadhi yenu mnavuta maji kwa pampu kutoka kisimani au ziwani. Mshindo wa pampu huja kwa mlango mwingine. Pampu ikizimika ghafla, kwa sababu umeme umekatika au jenereta limeishiwa mafuta (na sisi wa Kigoma, tuliokaa miaka mingi na jenereta za dizeli nje ya gridi ya taifa, tunalijua hilo), maji yaliyo kwenye bomba hayajui kwamba pampu imezimika. Yanaendelea kupanda kwa kasi yao. Nyuma yao panabaki pengo. Kisha yanachoka, yanageuka, yanarudi chini kwa nguvu na kuipiga valvu ya kuzuia maji kurudi. Ile valvu ikiwa nzito au imeota kutu na kuchelewa kufunga, hufunga kwa kishindo wakati maji tayari yanarudi, na hapo unasikia mlio ambao kuku wote wa jirani wanatoka bandani.

Kwa hiyo valvu hiyo ni ya kukaguliwa, si ya kusahauliwa. Iwe inayofunga haraka kabla maji hayajapata kasi ya kurudi. Yenye springi ndani ni nzuri kwa kazi hiyo. Pampu za sola zina faida moja ambayo wengi hawaisemi: asubuhi huamka polepole na jioni hulala polepole pamoja na jua, kwa hiyo bomba halishtuki. Ubaya ni pale mtu anapoizima kwa swichi saa sita mchana. Subiri jioni kama unaweza.

Kuna pampu unazotakiwa kuzizima baada ya kufunga koki taratibu, na kuziwasha koki ikiwa karibu imefungwa, kisha kuifungua polepole. Hizo ni zile zenye feni inayozunguka ndani. Lakini zipo pampu za skrubu, na nyingi huwekwa kwenye visima virefu. Hizo ukiifunga koki nazo zinazunguka, zitasukuma mpaka kitu kipasuke. Kama hujui ya kwako ni ya aina gani, usijaribu. Muulize aliyeiweka, na jibu uliandike kwa rangi ukutani kwenye kibanda cha pampu.

Hatari ambayo haipasui chochote

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika somo hili, maana lingekuwa la mabomba tu ningewaachia mafundi.

Nilisema mshindo ukirudi kutoka kwenye tenki huja kama mvuto. Kwa muda mfupi bomba linafyonza kupitia kila tundu. Kiungo kinachovuja, ambacho wakati wa msukumo kilikuwa kinatoa maji, wakati wa mvuto kinaingiza. Kinaingiza nini? Kile kilichopo nje. Kama bomba linapita kwenye zizi, kinaingiza maji ya samadi. Kama linapita karibu na choo, wewe mwenyewe jaza. Bomba halijapasuka, hakuna aliyeona kitu, na jioni ile ile watoto wanachota maji ya kunywa kwenye gati lililoungwa kwenye bomba hilo hilo. Mwambao huu wa ziwa unaijua kipindupindu vizuri.

Kibaya zaidi ni hiki. Siku ya kuogesha, mtu anaweka dawa ya kupe kwenye pipa, anatumbukiza mpira wa maji ndani ya pipa ili lijae na dawa ichanganyike, kisha anakwenda kuwaswaga ng'ombe. Wakati huo huo kule juu bomba linapasuka, au mtu anafunga koki kwa kishindo, au umeme unakatika. Presha inashuka chini ya ile ya hewa. Mpira uliozama kwenye dawa unageuka mrija. Dawa ya kuogeshea inapanda kwenye bomba, na wa kwanza kufungua koki baada ya hapo ndiye anayeinywa, awe ndama au mtoto.

Baadhi ya dawa hizo ni za jamii ambayo mnyama akizinywa hutoa mate mengi, hutetemeka, huharisha, hupumua kwa shida na hufa usipowahi. Ukiona dalili hizo kwa mnyama zaidi ya mmoja muda mfupi baada ya kunywa birikani, funga birika hilo, wazuie watu pia, niite mimi au mtaalamu wa mifugo aliye karibu, na weka kando kopo la dawa iliyotumika siku ile ili tujue tunatibu nini. Mtu akionyesha dalili hizo asipewe maziwa wala kitu kingine cha kienyeji. Apelekwe kituo cha afya mara moja, pamoja na kopo lenyewe. Dawa nyingine, za jamii ya paireti, ng'ombe anaweza kuzistahimili kidogo, lakini zikitiririka mpaka mtoni na ziwani zinaua samaki vibaya sana, na hapa Ujiji watu wengi wanaishi kwa dagaa na migebuka.

Kinga yake haina gharama. Mpira usizame kamwe. Mdomo wa mpira uning'inie juu ya pipa, hewa ionekane kati yake na maji. Birika nalo liwe hivyo: mdomo wa bomba uwe juu ya ukingo wa birika kwa angalau mara mbili ya upana wa bomba. Bomba la inchi mbili, acha inchi nne za hewa. Nimeona mabirika mazuri ya zege ambayo bomba limeingizwa kutokea chini, ndani ya maji, "ili ng'ombe wasilivunje". Hilo ni kosa la ujenzi. Lirekebishwe kabla ya kiangazi.

Vifaa vya kupunguza mshindo

Kama bomba lina mteremko mrefu, dawa kubwa ni tenki dogo la kukatiza presha katikati ya njia. Maji yanaingia, yanapumua, yanaanza safari upya. Tenki la mita 100 juu likikatizwa katikati, kila kipande kinabeba mita 50 tu. Hili ni la kupanga na mhandisi wa RUWASA wa wilaya au chombo chenu cha watumia maji, si la kujenga kwa kubahatisha.

Karibu na koki ya birika unaweza kusimamisha kipande cha bomba kilichofungwa juu, kama mita moja, kikiwa na hewa ndani. Mshindo ukija unaibana ile hewa badala ya kulipasua bomba. Tatizo ni kwamba hewa huyeyuka kidogo kidogo kwenye maji, na baada ya muda kipande hicho kimejaa maji tupu na hakina kazi. Weka koki ndogo ya kukitolea maji, na kila mwezi ukifunge kutoka kwenye bomba, ukikaushe, hewa iingie upya. Mengi niliyoyaona yalikuwa yamejaa maji na kutu.

Kwenye vilele, pale bomba linapopanda kilima na kushuka, panatakiwa valvu ya hewa. Inatoa hewa iliyonaswa, na inaingiza hewa bomba linapofyonza. Watu huifunga kwa mpira wa baiskeli kwa sababu inapiga mluzi. Ifungueni. Kama inavuja maji, isafishwe mchanga.

Na kwenye kila kona kali liwekwe zege la kushikilia, maana mshindo huisukuma kona kama ng'ombe anavyousukuma uzio pale njia inapokata.

Kuna watu walioutumia mshindo huu badala ya kuukimbia. Mwaka 1796 Mfaransa Joseph Michel Montgolfier alitengeneza pampu isiyotumia mafuta wala umeme. Maji ya kijito yanashuka kwenye bomba, valvu inajifunga kwa ghafla, na mshindo wenyewe unayasukuma maji kidogo kupanda mlima, tena na tena, usiku na mchana. Huitwa hidramu. Hapa Tanzania zimetumika miaka mingi kwenye misheni na mashamba ya milimani. Kama una kijito chenye mteremko na boma lako liko juu, uliza habari zake.

Baada ya kuunga bomba

Bomba likishaungwa lina hewa. Ukifungua koki ya tenki yote mara moja, maji yanaisukuma hewa mbele kwa kasi, hewa inatoka birikani kwa mlio, kisha maji yanafika mwisho na kusimama ghafla. Nimeona kiungo kipya kikiruka dakika tano baada ya fundi kunawa mikono. Fungua koki zote za chini kwanza. Kisha mtu wa juu afungue kidogo, robo tu, akae. Wa chini apige simu maji yakianza kutoka bila kukohoa hewa. Hapo wa juu aongeze polepole, na wa chini afunge polepole. Maji ya kwanza yaache yamwagike mpaka yawe safi. Yasinyweshwe ndama wala yasichotwe. Ya kunywa watu yachemshwe siku hiyo hata kama yanaonekana meupe.

Na katikati ya kiangazi, pitia njia ya bomba kwa miguu mara moja kwa wiki, au wafuate mbuzi wako. Kila kitu kikiwa kimekauka, mbuzi ndio wa kwanza kugundua pale penye majani mabichi juu ya bomba. Ukiwakuta wamekusanyika mahali pasipo na mto wala kivuli, chimba hapo.